Kufunga hita ya umeme kwenye gereji huku Minnesota: rangi za waya ulizozoea nyumbani zisahau kabisa

Ndugu zangu mlioko huku kwenye baridi, Brooklyn Park, Minneapolis, St. Cloud na kwingineko, naandika hii kwa Kiswahili kwa sababu kila ukifika mwezi wa 11 napigiwa simu zile zile, "kaka nataka niweke hita gereji nipate sehemu ya kutengenezea gari, naanzia wapi?" Na wengi wanaopiga ni mafundi umeme kabisa, wamesomea nyumbani, wana vyeti vyao, na hao ndo wananitia wasiwasi kuliko asiyejua chochote. Asiyejua anaogopa, anaita mtu. Anayejua umeme wa nyumbani anafungua paneli, lile boksi la breka, kwa kujiamini alafu anakutana na umeme wa aina nyingine kabisa.

Mi mwenyewe nilijifunza umeme Dar, nimefunga nyumba nyingi tu Tabata na Mbagala kabla sijaja huku, kwaiyo naongea na fundi mwenzangu.

Tuanze na rangi maana hapa ndo watu wanaumia. Nyumbani kwetu, Tanzania na Kenya, nyumba za zamani nyekundu ni laivu (waya wenye moto), nyeusi ni nyutro (waya wa kurudishia umeme), kijani ni ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini). Nyumba mpya kahawia laivu, bluu nyutro, kijani chenye mstari wa njano ethi. Sasa huku Marekani NYEUSI NDIYO LAIVU. Nyekundu nayo ni laivu. Nyeupe kwa kawaida ni nyutro, na ethi ni kijani au ule waya wa shaba mtupu usio na ganda. Fikiria mkono uliozoea miaka kumi kwamba nyeusi ni ya kushika bila presha, umechoka, saa tatu usiku, vidole vina ganzi kwa baridi, unaugusa. Kichwa kinajua ila mkono haujui. Mi nilipoanza kazi huku nilikuwa naongea kwa sauti kila nikishika waya, "nyeusi laivu, nyeusi laivu", kama mtoto anayekariri, na mpaka leo nikichoka narudia.

La pili ni volti. TANESCO au KPLC wanakuletea nyumba ya kawaida laivu moja na nyutro, kati yake unapata kama 230 au 240, basi. Huku zinaingia laivu MBILI na nyutro moja. Laivu moja na nyutro ni 120, ndo soketi zote za kawaida. Laivu na laivu ni 240, ndo jiko, mashine ya kukaushia nguo, na hita yetu. Maana yake hita ya 240 huku haina nyutro kabisa, waya zake zote mbili zina moto. Ukitumia waya wenye nyeusi na nyeupe, ile nyeupe inakuwa laivu, na sheria inataka uizungushie tepu nyeusi au nyekundu ncha zote mbili ili anayekuja kesho ajue. Usiruke hii, tepu ni dola mbili tatu tu.

La tatu watu wengi hawalijui kabisa. Plagi yetu ya nyumbani, ile ya miguu mitatu ya mraba, ina fyuzi ndani, waya wa kifaa ukizidiwa fyuzi inakatika palepale. Plagi ya kawaida ya huku haina fyuzi. Ulinzi pekee ni breka kwenye paneli, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ampea 15 au 20, na ile inalinda waya wa ukutani, hailindi ekstensheni uliyonunua dukani.

Ndo maana nawaambia watu hita na ekstensheni havikai pamoja. Kuna jamaa yangu mmoja aliniita kuangalia kwa nini hita yake ndogo ya wati 1500 inazima na kuwaka. Ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni nyembamba ya kahawia, hizi za kuwekea taa ya krismasi, imepitishwa chini ya kapeti la kukanyagia. Nilipovuta plagi haikutoka. Ikabidi nikazime breka kwanza, nikaivuta na plaisi, ikatoka na kipande cha soketi. Mguu mmoja wa shaba umekuwa wa zambarau na bluu, plastiki imeyeyuka imetengeneza kama mdomo, na nikiigusa bado ilikuwa ya moto. Breka haikuruka hata mara moja, na haikuwa na kosa, maana wati 1500 kwa volti 120 ni ampea 12.5 tu, breka ya 15 inaona kila kitu kiko sawa. Kilichoungua ni ule muunganiko uliolegea na waya mwembamba uliobeba mzigo huo saa nyingi mfululizo. Pembeni yake, futi mbili hivi, kulikuwa na galoni la petroli la mashine ya kukatia majani. Sikulala vizuri siku ile.

Kwaiyo kama una hita ndogo ya kuchomeka, ichomeke moja kwa moja ukutani, soketi isiyolegea, na usiichanganye na kompresa au friji kwenye laini hiyo hiyo. Ila tuambiane ukweli, gereji ya magari mawili kwa Januari ya huku hita hiyo haitoshi. Itakupasha miguu ukiwa umekaa karibu nayo, basi.

Sasa ukubwa. Kanuni ya haraka ni wati 10 kwa kila futi ya mraba, kwa chumba chenye dari la kawaida na kilichozibwa vizuri. Gereji ya futi 22 kwa 22 ni futi za mraba 484, kwaiyo unahitaji karibu wati 5000. Gereji isiyozibwa inakula zaidi, na dari likiwa refu inakula zaidi tena. Hita ya wati 5000 ya 240 ndo wengi wetu tunafunga, na inatosha kama lengo lako ni kufanya kazi umevaa sweta bila glavu nene, nyuzi 7 mpaka 10 za Selsiasi. Ukitaka nyuzi 20 kama sebuleni wakati nje ni hasi 25 utalia na bili. Na mjue huku inafika kweli, tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka mpaka hasi 28 za Fahrenheit, hiyo ni kama hasi 33 za kwetu.

Kabla hujanunua hita, ziba gereji. Simama ndani mchana, zima taa, funga mlango mkubwa, angalia mwanga unaingilia wapi. Chini ya mlango, pembeni, kwenye tundu za mabomba. Badilisha ule mpira wa chini ya mlango mkubwa, weka mipira ya pembeni, bandika vibao vya povu kwenye paneli za mlango. Nimeona hita ya 5000 inashindwa kabisa kwenye gereji yenye mwanya wa kidole chini ya mlango, na hita hiyo hiyo ikatosha baada ya kubadilisha mpira tu.

Bili ni hesabu rahisi. Wati 5000 ni kilowati 5. Tuchukulie umeme wako ni senti 15 kwa yuniti, saa moja ni senti 75. Ukiwasha saa nne kila siku mwezi mzima ni saa 120, dola 90. Angalia bili yako bei ya yuniti ufanye hesabu yako mwenyewe. Themostati, kile kidude cha kupimia joto, inazima na kuwasha hita kwaiyo mara nyingi utalipa pungufu ya hapo, ila siku za baridi kali itawaka karibu muda wote.

Kibali. Najua nyumbani tumezoea fundi anakuja anafunga anaondoka. Huku Minnesota, kama nyumba ni YAKO na UNAISHI humo, jimbo linakuruhusu ufanye kazi ya umeme mwenyewe, ila lazima uchukue kibali na mkaguzi aje aangalie. Kama umepanga huruhusiwi, hata kama una cheti cha nyumbani, mwambie mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni. Jimbo jingine lina sheria yake, piga simu jiji lako uulize. Mkaguzi msimwogope wala msimkwepe, ni jicho la pili la bure karibu, na siku nyumba ikiungua bima itauliza nani alifunga. Kibali ndo jibu lako.

Alafu angalia paneli yako kama inaweza kubeba. Nyumba nyingi za zamani zina ampea 100 tu, na humo tayari kuna jiko, mashine ya kukaushia, eyakondisheni, labda na chaja ya gari. Paneli kuwa na nafasi tupu sio ushahidi kwamba umeme upo. Hapa mlipe fundi mwenye leseni akupigie hesabu ya mzigo wa nyumba nzima. Na kama gereji yako imejitenga na nyumba, ina paneli yake ndogo au inahitaji kuchimbiwa waya, hiyo kazi mpe fundi moja kwa moja, ina mambo ya ethi na nyutro ambayo sio ya kujifunzia hapo.

Sasa waya na breka. Wati 5000 gawanya kwa 240 ni ampea 20.8. Hita inahesabiwa kama mzigo wa muda mrefu kwaiyo unaongeza asilimia 25, inakuja 26. Breka inayofuata ni ya 30, vichwa viwili, ile yenye mkono mmoja uliounganishwa ili laivu zote mbili zikatike pamoja. Waya wake ni shaba geji 10, ule wa ndani ya nyumba wenye nyeusi, nyeupe na ethi mtupu, ganda lake la nje siku hizi ni la rangi ya chungwa. Lile la njano ni geji 12, hilo halifai hapa. Kumbuka geji huku namba ikiwa ndogo waya ni mnene, kinyume na milimita zetu. Hita ya 7500 ni ampea 31, ukiongeza ni 39, breka 40 na geji 8. Na breka inunuliwe ile iliyoandikwa kwenye lebo ya mlango wa paneli yako, kuingia tu kwenye nafasi haitoshi.

Hita yenyewe hakikisha ina alama ya UL au ETL, hizo ni alama za maabara kwamba imepimwa usalama, na imeandikwa inafaa gereji. Zile za mtandaoni zisizo na alama achaneni nazo, bei ni nzuri ila ndani nimekuta waya mwembamba kuliko hata wa chaja ya simu.

Sehemu ya kuifunga ni darini, kwenye kona ya ndani, mbali na mlango mkubwa lakini ikiuangalia, ili hewa ya moto ivuke gereji nzima. Fungua mlango mkubwa kabla ya kutoboa uone reli na mlango vinafika wapi, maana mlango ukiwa juu unalala darini, ukifunga hita hapo umeiwekea mlango mdomoni. Umbali kutoka dari, ukuta na sakafu umeandikwa kwenye kijitabu cha hita, ufuate kama ulivyo. Skrubu ziingie kwenye boriti, sio kwenye jipsam peke yake. Tafuta boriti kwa kile kidude cha kutafutia au gonga na utoboe tundu dogo kwanza, hita hizi zina uzito na inatetemeka feni ikizunguka.

Waya unapita kwenye mbao, unabanwa na stepo, vile vibanio vya kugongelea, kila futi nne na nusu na ndani ya inchi 12 kutoka kwenye boksi, usiugonge stepo mpaka ganda likabonyea. Ukipita nje ya ukuta ambapo ngazi au fagio linaweza kugonga, uingize kwenye bomba. Mi napendelea hita iunganishwe moja kwa moja bila plagi. Ukitaka ya plagi, soketi yake iwe ya kwake, umbo linalolingana na plagi hiyo, na kanuni za umeme za huku, tangu toleo la 2020, zinataka soketi za gereji hata za 240 ziwe na ulinzi wa GFCI, ule unaokata umeme haraka ukivuja. Zile adapta za kuchomeka hita kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo tafadhali msinunue.

Siku ya kuunganisha, fanya mchana. Zima breka kuu, ile kubwa ya juu. Alafu sikiliza vizuri hapa: ukizima breka kuu, zile nyaya nene zinazoingia kutoka mtaani na skrubu zake BADO ZINA MOTO. Hakuna swichi ndani ya nyumba inayozizima. Usizisogelee, usiingize bisibisi karibu nazo, jua ziko wapi kabla hujashika kitu chochote. Chukua mita, ipime kwanza mahali pengine salama unapojua pana umeme usiozimwa na breka kuu hiyo, sio kwenye zile nyaya nene, uone inasoma, ndo upime paneli, ndo urudi tena kupima pale penye umeme. Mita iliyokufa betri inasema sifuri kila mahali.

Nyeusi inaingia kwenye skrubu moja ya breka, nyeupe yenye tepu kwenye skrubu ya pili, ethi kwenye baa ya ethi. Hakuna kinachoenda nyutro. Kaza skrubu kwa nguvu iliyoandikwa kwenye breka kwa bisibisi ya kupima nguvu, na ukimaliza vuta kila waya kwa mkono. Ile plagi niliyowasimulia iliungua kwa sababu ya kulegea, na skrubu iliyolegea ndani ya paneli inafanya vilevile, ila huioni.

Kwenye hita, waya uingie kupitia kibano chake pale kwenye tundu ili ukivutwa usikatike ndani. Laivu mbili kwenye skrubu zilizoandikwa L1 na L2, ethi kwenye skrubu ya kijani. Ukiweka themostati ya ukutani iwe ya volti kubwa, ya 240, na ampea zake zipite za hita, nyingi ni 22. Ile ya sebuleni inayoendesha fanesi, mashine ya kupasha joto nyumba nzima, ni ya volti 24, ukiipitishia 240 utaiunguza na ukuta wake.

Washa breka kuu, alafu ya hita. Dakika kumi na tano za kwanza itanuka vumbi na mafuta ya kiwandani yanayoungua, fungua mlango kidogo, ni kawaida kwa mara ya kwanza. Ikinuka plastiki, au harufu kama ya samaki, zima breka, kuna kitu kinaungua kwenye muunganiko. Baada ya saa moja gusa uso wa breka, vuguvugu sawa, ikikuchoma mkono zima utafute skrubu iliyolegea.

Matumizi ya kila siku. Futi tatu mbele na pembeni pasiwe na kitu. Petroli, thina, rangi ya kupuliza, vyote vihamie banda la nje kama unalo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama maji mpaka ukutane na cheche, ndo maana hita ya chini kwenye gereji yenye petroli siitaki kabisa hata kwa dakika tano. Ukipaka rangi gari au ukifungua tenki la mafuta, zima hita, fungua mlango, vaa koti. Msianike nguo chini yake, wala kanga za mama akija kutembea. Kila mwezi wa 10 zima breka, puliza vumbi kwenye feni na fito zake kabla ya kuwasha.

Hita ya umeme haitoi monoksaidi ya kaboni, ile gesi ya sumu ya moto na moshi wa gari, hiyo ndo faida yake kubwa, lakini gereji bado ina gari. Msiwashe gari ndani eti lipate moto, hata mlango ukiwa wazi. Na jiko la mkaa, nawaomba sana, lisiingie gereji wala ndani ya nyumba, hata limebaki majivu yenye moto kidogo, hata nyama bado haijaiva na nje kuna theluji. Gesi ile haina harufu, unasikia usingizi tu. Kengele ya kugundua gesi hiyo ni lazima kisheria hapa Minnesota, ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, bonyeza kitufe leo usikie kama inalia.

Mwisho wa kazi fungua mlango wa paneli, kwenye ile karatasi ya orodha andika kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa kwamba breka hiyo ni ya hita ya gereji, maana siku zimamoto wakija usiku hawasomi Kiswahili. Alafu mwite mama watoto na watoto wakubwa mwoneshe kila mmoja breka ni ipi, na mwache aizime mwenyewe kwa mkono wake.